Fremu Ndiyo Iliyokuwa Fupi

Alhamisi ile naikumbuka mpaka harufu yake, mwanangu: gundi ya unga wa ngano ikitokota kwenye kisufuria nyuma ya duka, vumbi la mbao, na chai yangu ya tangawizi niliyoisahau mezani mpaka ikafanya utando. Nilikuwa na miaka ishirini na miwili, kisu kikali mkononi, na mdomo mkali kuliko kisu. Siku hiyo nilikata kitu ambacho hakikutakiwa kukatwa, na nusura nimharibie bibi wa watu furaha aliyoingoja miaka na miaka.

Tulia basi, usiizime hii sauti. Nawajua nyie vijana, mkiona ujumbe wa shangazi umezidi dakika tatu mnaiweka simu pembeni, mnasema mtasikiliza kesho. Keti. Mimi nimeketi hapa Yeoville, mguu wangu mbovu nimeuweka juu ya stuli, na nina habari yako. Jumapili tukila pilau kwa baba yako, ulisema kwa Kiingereza, huku unachezea kachumbari, kwamba ukienda kujaza fomu ya kitambulisho utaandika Monica. Eti Mwanakombo ni refu, walimu linawashinda, na wenzako wamekupachika Kombi, kama yale mabasi madogo ya barabarani. Baba yako akanitazama akidhani nitawaka. Sikuwaka. Nilikuwa natafuta pa kuanzia, na leo nimepapata: naanzia kwenye picha ya meli.

Sikuwa na muda mrefu tangu nije Johannesburg kutoka Tanga. Nilipata kazi kwenye duka la fremu hapa hapa Yeoville, tukiwatilia watu fremu na vioo kwenye picha za harusi, vyeti vya shule, na timu zao za mpira. Nyuma ya duka tulikuwa wawili. Mwenzangu ni Papa Ilunga, fundi mtu mzima kutoka Lubumbashi, mrefu, mpole, tai shingoni hata siku ya kupiga randa. Alikuwa na mikono ya ajabu yule mzee. Karatasi iliyochanika mara nne akiiunga, utatafuta palipochanika na hutapaona.

Lakini mimi mikono sikuitazama, nilikuwa nasikiliza Kiswahili chake na kucheka. "Kisu eko wapi?" "Bamama bamekuya." Mbavu zangu! Mimi mtoto wa Tanga, ambako hata mbuzi hulia kwa ufasaha, nikajifanya mwalimu wake bila kuombwa. Kila akisema neno, namsahihisha. Naye hucheka tu, "Merci, mwalimu," akaendelea na kazi yake. Nyani haoni kundule, nami sikuliona langu.

Basi siku ya Jumatatu akaja Madame Odile, bibi mtu mzima, mzaliwa wa kisiwa cha Morisi, aliyekuwa anakaa kwenye ghorofa moja la zamani kule Berea. Alikuja kwa miguu, kwapani ana fremu tupu ya rangi ya dhahabu, na kifuani amekumbatia kitu kimefungwa kwa shuka, utadhani kabeba mtoto mchanga. Alipokifungua, hata mimi niliweka kisu chini.

Ilikuwa picha ya chapa, ya Kifaransa, ya miaka mia mbili hivi iliyopita, zama za meli za matanga. Bandari ya mawe, meli ya milingoti mitatu, mabaharia wadogo kama sisimizi juu ya kamba. Gatini watu wamejaa, wanapunga leso. Mbwa mmoja amekaa na huzuni yake. Mwanamke mmoja amemnyanyua mtoto juu kabisa ili aonekane. Bahari ilipakwa bluu kwa mkono, bluu iliyokwisha kuchoka, na kofia ya baharia mmoja ilitiwa wekundu kidogo tu. Chini ya picha palikuwa na ukanda mweupe wenye maandishi madogo madogo.

Mimi nikasema moyoni, masikini, wanaagana. Miezi michache tu kabla yake nilikuwa nimeagana na mama yangu, kwa hiyo kila nilichokitazama wakati ule kilikuwa kuagana. Madame Odile akaongea na Papa Ilunga kwa Kifaransa, muda mrefu, akigusa yale maandishi kwa kidole. Sikuelewa hata neno, na sikuuliza. Kuuliza si ujinga, wanasema wakubwa, lakini mjinga wa kweli ndiye hasemi "sijui", na mimi nilikuwa sijaanza kulijua neno hilo. Nilichoambulia ni kwamba dada yake anakuja Jumamosi, na anataka akute picha iko ukutani.

Ikaja Alhamisi. Papa Ilunga yuko kwenye karo kule nyuma, mikono majini, analowesha karatasi ya mtu. Mimi nikaiweka picha juu ya ile fremu ya dhahabu. Lo, imezidi! Vidole vitatu vimebaki nje, upande wa chini. Nikapaza sauti, "Papa, picha haitoshi kwenye fremu!"

Naye akajibu kutoka kule kule, maji yanamwagika: "Ile maandiko ya chini, usitoshe!"

Mwanangu, sikiliza hapo. Kwa Kiswahili changu, kutosha ni kuenea. Sasa "usitoshe" ndiyo nini? Nikacheka peke yangu. Nikasema, mzee wa watu anataka kusema maandishi hayatoshi, ndiyo yaliyozidi, yapunguzwe. Nikamsahihisha kimoyomoyo, nikaridhika na akili zangu, nikachukua rula.

Na mkono wangu ulikuwa mwepesi kwa sababu nililelewa na fundi cherehani. Mama yangu, bibi yako huyo uliyepewa jina lake, kila akishona kitenge, kazi yangu ilikuwa kukata ule ukingo wenye maandishi ya kiwanda. "Hayo si nguo, hayo ni makelele," alikuwa akiniambia. Basi na haya ya Kifaransa nikayaona makelele. Kisu kikapita, chwaa! Picha ikakaa kwenye fremu sawasawa. Nikafagia meza, vipande vyote nikatia mfukoni, na mfuko nikampa yule bwana wa mkokoteni anayepita kila Alhamisi kuokota karatasi. Nikarudi ndani naimba.

Papa Ilunga akaja anafuta mikono. Akatazama fremu. Akatazama meza. Akanitazama mimi.

"Zuhura. Maandiko eko wapi?"

"Si umesema haitoshi? Nimekata."

"Nilisema usitoshe!" Mara ya kwanza kumsikia anapaza sauti. "Kwetu kutosha ni kuondoa! Unatosha viatu pa mulango! Unatosha sufuria pa moto! Nilisema usiondoe!"

Yallah! Miezi yote ile namcheka mtu kwa neno lake, na siku nilipolihitaji neno lenyewe, sikulijua. Sikungoja la pili. Nikatoka mbio, aproni na yote, kiatu kimoja kikabaki mlangoni.

Wewe unawajua wale mabwana wa mikokoteni, mtelemko ukiwakubali hawatembei, wanapanda juu na kuteleza nao. Huyu alikuwa mbali, amesimama juu ya mzigo wake kama nahodha, kombi zinampigia honi, naye hana habari. Nami nyuma mguu mmoja peku, napiga kelele kwa Kizulu changu cha maneno mawili: "Baba, ngiyacela! Baba, ngiyacela!" Yaani nakuomba, baba. Watu wanatoka saluni na rola zao kichwani kutazama. Mwenye kuuza magwinya pale pembeni, yale maandazi yao, akadhani nimeibiwa, akaanza kupiga kelele pamoja nami. Mungu mkubwa, roboti, taa ya njia panda, ikawaka nyekundu, akasimama.

"Eish, sisi," akaniambia, yaani dada, "kwani umetupa dhahabu?" Tukamwaga mfuko mzima kando ya njia. Upepo ukaanza kuchezea karatasi, mama wa magwinya akazikanyaga kwa miguu yake miwili, mkono mmoja ana mwiko. Tukapekua, tukapekua. Ukanda wangu ulikuwa umelala ndani ya boksi la pizza. Ulikuwa umekunjika kidogo, haukuchanika wala haukuingia mafuta. Niliubusu mbele za watu. Bwana wa mkokoteni akacheka mpaka akaketi chini.

Niliporudi dukani nilijua nitaambiwa maneno. Papa Ilunga hakufoka. Aliulaza ukanda juu ya kioo, akanawa mikono tena, akanimiminia chai mpya, ndipo akaniita. "Kuya, mwalimu. Sasa tusome."

Akanionyesha. Kushoto, jina la mtu aliyeichora. Kulia, jina la mtu aliyeichonga picha hiyo juu ya bamba la shaba, mstari kwa mstari, ili itiwe wino na kukandamizwa kwenye karatasi. "Na mwenye kuandika hizi herufi," akaniuliza, "jina yake eko wapi?" Nikatafuta, sikuliona. Akacheka. "Hakuna. Ule alikuwa fundi wa herufi tu. Alichonga jina za wengine, kinyume, toka kuume kwenda kushoto, sababu bamba linageuza kila kintu. Herufi moja ikiharibika, bamba yote imeharibika. Siku nzima juu ya mustari moja. Na weye, kisu moja, chwaa."

Nilimfikiria fundi yule. Mimi niliyesoma chuo cha Kurani najua kuandika kutoka kuume, lakini kila herufi iwe imegeuka, na uandike kwa chuma juu ya shaba! Nikaona aibu mpaka masikioni.

Kisha akaweka kidole kwenye maneno makubwa ya katikati. "Le retour. Njo kusema, kurudi. Picha inaitwa Kurudi." Ile njo yake ni ndiyo yetu.

"Kurudi? Si wanaagana?"

"Angalia muzuri."

Nikaangalia. Mwanangu, ilikuwa picha nyingine kabisa. Wale sisimizi juu ya milingoti walikuwa wanayakunja matanga, si kuyafungua. Kamba ilikuwa inarushwa gatini. Yule mbwa hakukaa kwa huzuni, mkia wake ulikuwa umechorwa mara mbili, unatikisika. Na mwanamke aliyemnyanyua mtoto, jamani, alikuwa anamwonyesha baba mtoto aliyezaliwa yeye akiwa baharini. Leso zile zote zilikuwa za furaha. Nami ningeipeleka kwa mwenyewe bila jina, na kila mgeni angeitazama akasema kama nilivyosema mimi, masikini, wanaagana.

Papa Ilunga akalivuta bakuli langu la chakula. Lilikuwa limefungwa kwa kanga aliyonipa mama siku naondoka. "Banamama ya kwenu, kanga yao inakuwaka na jina, hapana? Soma ya mama yako."

Nikasoma: "Nenda salama, rudi salama."

Akaikunja kanga kwa mkono wake mkubwa, akafunika nusu ya maandishi. "Haya. Tumetosha nusu, sasa inatosha pa fremu. Imebaki nini?"

"Nenda salama."

"Mama yako alikuambia ile tu?"

Nililia, mwanangu. Nililia kama mtoto aliyeachishwa ziwa, halafu katikati ya kilio nikaanza kucheka, kwa sababu mzee yule alikuwa amelichukua neno moja, kutosha, akalichezea pande zote mbili, langu na lake, na mimi mwalimu wa Kiswahili nimekaa kwenye benchi la wanafunzi. Naye akacheka. Akaniambia sentensi ninayoibeba mpaka leo, na siisahihishi hata herufi: "Picha haiko murefu, mwana yangu. Fremu njo mufupi."

Siku ile na Ijumaa asubuhi alikuwa ameinama mezani. Akaunganisha ukanda na picha kwa karatasi nyembamba kama utando wa kitunguu na ile gundi ya unga wa ngano, na mimi nikatengeneza fremu mpya, ndefu kwa vidole vinne, nikaipiga randa mpaka mikono ikaota malengelenge. Kovu halikuisha. Ulikuwa mstari mwembamba, lakini mwenye macho angeuona. Nikamwomba amwambie Madame Odile kwa Kifaransa, anipambie maneno kidogo. Akakataa. "Mukono yako njo ilikata, munywa yako njo itasema."

Madame akaja Ijumaa mchana. Nikamwambia kwa Kiingereza changu cha kuokoteza, bila kupunguza: nilidhani, sikuuliza, nikakata, nikatupa, nikakimbia. Yeye naye akanieleza jambo ambalo ningelijua Jumatatu kama ningeuliza. Picha hiyo alipewa na mama yake siku alipoolewa akaondoka kwao, na mama hakusema neno, alimwekea tu kidole pale chini, kwenye *Le retour*. Mama alikwisha kufariki. Miaka thelathini na moja ilikuwa imepita bila yeye na mdogo wake kuonana, na huyo mdogo alikuwepo siku ile ya kidole. Kitu cha kwanza atakachokitafuta akiingia ni maneno hayo.

Akapitisha kidole juu ya kovu, taratibu, kutoka mwisho huu mpaka mwisho ule. Kisha mabega yake yakaanza kutikisika, nikadhani analia. Kumbe anacheka!

"Kwa hiyo," akasema, "neno Kurudi liliondoka, likatembea Yeoville kwa mkokoteni, halafu likarudi?"

Papa Ilunga akaangua kicheko, nami nikafuata, tukacheka watatu mpaka wateja wa mbele wakachungulia. Madame akaigeuza picha, akatoa penseli mkobani. Akasema kisa hiki lazima kiandikwe nyuma, na kila mtu kwa jina lake. Akaniuliza langu. Nikasema Zuhura. Akasema, "Kamili. Wewe mtoto wa nani?"

Akaandika kwa mwandiko mzuri: alikata Zuhura, mtoto wa Mwanakombo, akaunga Ilunga.

Umesikia? Jina lako liko nyuma ya meli ya Kifaransa, mwanangu. Madame Odile, aliyelisikia mara moja tu maishani mwake, alilitamka sawasawa na kuliandika sawasawa, kwa sababu aliuliza, "Mwana nani? Rudia tena."

Jumamosi tulialikwa Berea. Mimi nilikwenda na visheti, Papa na tai mpya. Mlango ulipofunguliwa, mdogo mtu akaingia na masanduku yake, akamwona dada yake, akaona ukuta. Alikwenda moja kwa moja akaweka kidole pale chini. Basi, vilio, vicheko, nyimbo za kwao, majirani wote wakaja na viti vyao. Papa Ilunga alicheza na mabibi wote wawili kwa zamu, rumba tupu, na tai haikupinda. Sijapata kula na kucheka namna ile tangu nitoke Tanga.

Papa naye alirudi kwao. Sasa ni mzee wa bakora, kila Idi ananitumia sauti, "Mwalimu, eko?" nami namjibu, "Niko, mwalimu."

Haya, mama. Nakuita mama kwa kuwa wewe ni mwanangu, na kwa jina ndiwe mama yangu. Nisikie sasa nasaha yenyewe. Sikukatazi kuandika unachotaka, mkono ni wako. Lakini usikate kabla hujasoma. Bibi yako waliomtangulia tumboni hawakukaa, walizikwa watatu. Alipozaliwa yeye wakamwita Mwanakombo, kama makombo, kama mabaki, ili kifo kimdharau kimpite. Kikampita! Akafika miaka tisini na meno yake mwenyewe, akashona magauni ya nusu ya Tanga, akatuzaa sisi. Hilo ndilo linaloitwa refu. Hilo jina ni *Le retour* ya ukoo wetu, na ukiliondoa, watu watakutazama watadhani wanaona jambo jingine. Wakikuita Kombi, waambie kombi ndiyo inayofikisha watu nyumbani, halafu ucheke nao. Mwalimu likimshinda, mrudishie taratibu, silabi kwa silabi. Visanduku vya fomu vikiisha, omba karatasi nyingine.

Na usicheke Kiswahili cha mtu, wala Kizulu chake, wala Kiingereza chake. Uliza neno lake lina maana gani kwao kabla hujachukua kisu. Ukikosea, kimbia ukakitafute ulichokitupa hata kwa mguu mmoja, kisha ukaseme kwa mdomo wako mwenyewe. Mimi nilitiwa aibu siku moja, nikafurahi maisha yangu yote.

Mwenyezi Mungu akupe umri wa bibi yako na meno yake. Akupe marafiki wanaouliza "rudia tena". Kila mlango utakaougonga, ukufungukie kwa jina lako zima. Na kesho baba yako akipita hapa nitampa mfuko mwekundu akuletee. Ndani yake mna kanga, imechakaa pindoni lakini maandishi yake yako yote, nimehakikisha kwa macho yangu na miwani. Jifunge nayo siku unakwenda kujaza fomu. Nenda salama, Mwanakombo. Rudi salama.